Barabara ya kijiji chako inapataje fedha: mwongozo kamili, kutoka mkutano wa kijiji hadi siku greda linaposhuka

Vijijini swali la barabara huulizwa mwezi Machi. Masika yameanza, gari la wagonjwa limenasa, magunia ya mahindi yamekwama stoo, bodaboda wamepandisha nauli mara mbili. Mkutano unaitishwa, mtu anasimama: "Mheshimiwa diwani, greda linakuja lini?" Diwani anakohoa, anasema suala hilo amelipokea.

Amelipokea, lakini limechelewa. Ifikapo Machi fedha za mwaka unaoendelea zimeshagawanywa, na mpango wa mwaka unaofuata umeshapita kwenye vikao karibu vyote. Swali hilo lilipaswa kuulizwa Septemba, barabara ikiwa kavu, vumbi linatimka na hakuna anayeikumbuka.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye vikao vya kamati ya maendeleo ya kata, na nimeona vijiji vyenye shida ndogo vikipata kalavati huku vyenye shida kubwa vikipata ahadi. Tofauti mara nyingi haikuwa undugu wala rushwa, ingawa hivyo navyo vipo. Tofauti ilikuwa karatasi. Fedha ya barabara haifuati tope, inafuata namba ya barabara, vipimo vyake na tarehe ya kikao. Huu ni mwongozo wa kuifuata hiyo karatasi kwa upande wa Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

Kwanza, jua barabara ni ya nani

Usiandike barua yoyote kabla ya kujua hili. Nimewahi kushuhudia kijiji kikizungusha barua mwaka mzima kwenye ofisi ambayo haikuwa na mamlaka na barabara ile hata kidogo. Kila aliyeipokea aligonga muhuri, hakuna aliyesema "si yetu".

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara kwa madaraja. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za wilaya ni za mkusanyo, za mlisho na za jamii, na hizi ndizo za TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulio chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. TARURA ilianza kazi Julai 2017. Kabla ya hapo barabara hizi zilikuwa mikononi mwa wahandisi wa halmashauri, na wazee wengi vijijini bado wanakwenda kwa mkurugenzi kuomba barabara kwa mazoea hayo. Mkurugenzi atakusikiliza kwa heshima zote, lakini anayeandaa mpango ni meneja wa TARURA wa wilaya.

Ziko pia njia ambazo si za yeyote kati ya hao: ndani ya hifadhi, ndani ya shamba kubwa la mwekezaji, au kando ya mfereji wa skimu ya umwagiliaji. Hizo zina wenyewe.

Nenda ofisi ya meneja wa TARURA na mtendaji wa kijiji, muulize maswali matatu: Barabara yetu imesajiliwa kwa jina gani? Ina urefu gani kwenye kumbukumbu zenu? Ipo daraja gani? Majibu yaandike. Jina la kwenye kumbukumbu mara nyingi silo mnalolitumia. Barabara mnayoiita "ya mnadani" inaweza kuwa imeandikwa kwa majina ya vijiji viwili vya mwanzo na mwisho.

Pili, kama haimo kwenye mfumo, ingizeni

TARURA inatunza taarifa za barabara zake kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DROMAS. Humo kila barabara ina namba, urefu, aina ya tabaka la juu (udongo, changarawe au lami), madaraja na makalavati yake, na hali yake: nzuri, ya wastani au mbaya. Mpango wa matengenezo wa kila mwaka unaanzia humo. Barabara ambayo wananchi mmeichonga wenyewe kwa majembe na kuita ya kijiji, kwa mfumo haipo duniani. Hata meneja akiionea huruma, hana mstari wa kuiwekea fedha.

Njia ya kuingia ni vikao. Mkutano wa kijiji unajadili na kuridhia, pamoja na wenye mashamba yanayopitiwa kukubali kwa maandishi. Hapa ndipo maombi mengi hufia, kwa sababu mzee mmoja mwenye migomba kumi hakuulizwa. Muhtasari unapelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri, na wataalamu wa TARURA wanakuja kupima. Mtandao wa TARURA uliwahi kuhesabiwa kilomita 108,946, na baada ya barabara nyingi kutambuliwa ukafika kilomita 144,429. Maana yake mlango upo, na watu wamepita.

Kupandisha hadhi barabara kutoka wilaya kwenda mkoa ili ihamie TANROADS ni safari nyingine. Hiyo hupitia kikao cha ushauri cha wilaya, Bodi ya Barabara ya Mkoa ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa, halafu waziri mwenye dhamana ya ujenzi akishauriwa na kamati ya kitaifa ya kupanga hadhi. Wanasiasa hupenda kuiahidi. Binafsi nisingekishauri kijiji kuanza na hiyo.

Tatu, jua mifuko, maana kila mfuko una kazi yake

Mfuko mkubwa ni Mfuko wa Barabara. Chanzo chake kikuu ni tozo kwenye kila lita ya petroli na dizeli, pamoja na vyanzo vidogo kama ada za magari ya kigeni na faini za kuzidisha uzito. Bodi ya Mfuko haijengi barabara. Inapokea fedha na kuzigawa kwa wanaojenga. Kwa miaka mingi mgawanyo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mkoa, asilimia 30 kwa barabara za wilaya, na wabunge wa majimbo ya vijijini hawakuacha kulalamika kwamba thuluthi isiyotimia inabebeshwa mtandao mrefu mara kadhaa. Jambo la kushika zaidi ni hili: kwa sheria, angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko ni ya matengenezo na dharura, na isiyozidi asilimia 10 ndiyo ya maendeleo. Ukiuomba mfuko huu lami mpya, unamwomba seremala akushonee kanzu.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Bodaboda anayechoma lita tatu kwa siku analipa shilingi 300 kila siku kwa tozo hiyo peke yake. Akifanya kazi siku 26 ni shilingi 7,800 kwa mwezi. Mkumbushe siku atakaposema mambo ya barabara ni ya wakulima. Fedha hii ilifungua ujenzi na ufunguaji wa barabara mpya. Mwaka 2021/22 kila jimbo lilitengewa milioni 500 za nyongeza na bilioni 1 za tozo hiyo, na bajeti ya TARURA kwa ujumla ikapanda kutoka takriban bilioni 275 mwaka 2020/21 hadi kuvuka bilioni 700 miaka michache baadaye.

Ni nyingi? Gawanya. Bilioni 700 kwa kilomita 144,429 ni chini ya milioni 5 kwa kilomita. Kumwaga na kushindilia changarawe kilomita moja kunahitaji makumi ya milioni, na lami inahitaji mamia. Hesabu hiyo uibebe kichwani kila unapoingia kikaoni. Itakuepusha kuomba kilomita 18 za lami, na itakufundisha kuomba mita 200 za mahali panaponasa magari.

Mifuko mingine ni midogo, ila ina haraka. Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, kamati yake huongozwa na mbunge. Unafaa kwa kalavati au saruji ya kivuko ambacho wananchi wameshaanza kukijenga kwa nguvu zao. Mapato ya ndani ya halmashauri hutegemea kama mna zao la ushuru mzuri. Miradi ya wafadhili huja na ramani yake mkononi. RISE wa Benki ya Dunia, kwa mfano, ulichagua wilaya maalumu zikiwemo Kilolo, Mufindi, Handeni, Ruangwa na Mbogwe. Kama wilaya yenu haimo, msipoteze wino.

Nne, shika kalenda

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Katika mwaka unaotangulia tarehe hiyo, mambo huenda hivi.

Agosti hadi Oktoba ni msimu wa vijiji. Vipaumbele huibuliwa kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, halmashauri ya kijiji inapanga, mkutano wa kijiji unapitisha, kata inakusanya. Kuanzia Novemba Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa bajeti, na taasisi zinapewa ukomo wa bajeti. Hapo meneja wa wilaya anajua kiwango cha kucheza nacho, anafungua mfumo na kuchagua. Kati ya Januari na Machi mpango unapita kwenye vikao vya wilaya na mkoa. Aprili hadi Juni ni Bunge. Likishapita Bungeni, kuongeza barabara ni kuondoa ya mwenzako, na mwenzako naye ana diwani.

Kwa hiyo muhtasari wenu uwe mezani kwa meneja kabla Oktoba haijaisha, nakala kwa diwani, nakala kwa mtendaji wa kata. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Usiseme "nilimpa kijana pale mapokezi".

Tano, elewa mhandisi anavyochagua

Hapa ndipo hasira nyingi za wananchi huzaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mnaona barabara ya kijiji jirani, ambayo bado inapitika, inachongwa tena mwaka huu. Yenu yenye mashimo ya kuzamisha ng'ombe inarukwa. Mnasema wana mtu wao. Huenda wanaye. Lakini hata asipokuwepo, mhandisi mwaminifu angefanya hivyo hivyo. Barabara ya changarawe iliyo nzuri ikiachwa bila kuchongwa na kuzibuliwa mitaro, masika mawili au matatu yanaila tabaka lote, na kuirudisha kunagharimu mara nyingi zaidi ya kuitunza. Ndiyo maana matengenezo ya kawaida huanza na barabara zilizo katika hali nzuri na ya wastani. Iliyokwisha kufa inahitaji fungu lingine: matengenezo ya muda maalumu, yaani kumwaga changarawe upya, au matengenezo ya sehemu korofi.

Hilo la sehemu korofi ndilo nafuu ya vijiji maskini. Katika barabara ya kilomita 12 isiyopitika, mara nyingi kilomita 11 zinapitika. Kinachoiua ni bonde moja la mfinyanzi, mlima mmoja unaoteleza na kijito kisicho na kalavati. Mkiandika "barabara yote ni mbovu", mhandisi anapiga hesabu ya kilomita 12, anaona haitoshi ukomo wake, anafunga faili. Mkiandika sehemu tatu na urefu wa kila moja, mmempa kitu kinachoweza kuingia.

Mengine yanayopimwa: magari na watu wangapi wanapita, inaunganisha nini (zahanati, sekondari, mnada, ghala la mazao), na kama ina njia mbadala. Halafu kuna siasa ya mgawanyo wenyewe. Fedha zikigawanywa sawa kwa kila jimbo, jimbo dogo la mjini na jimbo la porini lenye mtandao mrefu mara tano wanapata kiasi kilekile. Kenya wana kanuni ya namna hiyo kisheria: asilimia 22 ya tozo yao ya matengenezo hugawanywa sawa kwa majimbo. Usawa huo ni mzuri kwa wabunge. Kwa kilomita si usawa.

Sita, andika ombi linaloweza kufanyiwa kazi

Ukurasa mmoja unatosha. Mfano:

*Kwa Meneja wa TARURA, Wilaya ya ______.*
*Yah: Maombi ya matengenezo ya sehemu korofi, barabara ya ______ hadi ______ (namba ______).*
*Mkutano wa kijiji uliofanyika tarehe ______, wananchi ______ wakihudhuria, uliazimia kuomba matengenezo yafuatayo: (1) Bonde la ______, mita 150, mfinyanzi, haipitiki Machi hadi Mei, kunahitajika kuinua tuta na changarawe. (2) Kijito cha ______, hakuna kalavati, maji hufika magotini. (3) Mlima ______, mita 80, mitaro imeziba.*
*Barabara inahudumia vijiji ______, zahanati ______, wanafunzi ______. Msimu uliopita ilifungwa siku ______. Wananchi wako tayari kutoa mawe na kusafisha hifadhi ya barabara.*
*Viambatanisho: muhtasari, mahudhurio yenye saini, picha zenye tarehe.*

Idadi msizitunge. Wanafunzi mwulizeni mwalimu mkuu, wagonjwa mwulizeni mganga, magunia chama cha msingi. Urefu upimeni kwa kamba. Picha zipigwe wakati wa mvua, mtu asimame ndani ya tope ili kina kionekane. Zihifadhini hadi Septemba.

Mawe si maneno ya kupamba barua. Kigoma TARURA imejenga madaraja ya upinde kwa mawe yanayopatikana hapohapo, kwa gharama ndogo kuliko ya zege na nondo, na ujenzi huo umeenea mikoa mingine. Kama kijiji chenu kina mawe magumu na mafundi wa kuchonga, kisemeni.

Saba, kupitishwa si kupewa

Bajeti ikisomwa watu hushangilia. Subirini. Fedha hutoka kwa awamu, kadiri tozo inavyokusanywa na hazina inavyoachia. Ikichelewa hadi Machi, mkandarasi anapewa kazi masika yakiwa yamefika, na changarawe inayomwagwa kwenye tope ni sadaka kwa mto. Kila robo mwaka mwulizeni diwani: barabara yetu ina mkataba? Umesainiwa lini? Wa kiasi gani? Unaisha lini?

Zabuni siku hizi hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza 2023. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kufyeka kando ya barabara, kuzibua mitaro na kusafisha makalavati ni kazi ambazo kikundi kilichosajiliwa kinaziweza kabisa. Mwoneni ofisa maendeleo ya jamii wa kata awasaidie usajili. Nimeona kikundi cha akina mama kikitunza mitaro vizuri kuliko kampuni yenye greda mbili, kwa sababu wao ndio wanaopita hapo na ndoo kichwani.

Nane, kazi ikianza, pimeni

Mradi uwe na bango: jina, mkandarasi, msimamizi, gharama, tarehe ya kuanza na kumaliza. Ombeni kuona jedwali la kazi na bei, lile mafundi wanaloliita BOQ. Hamhitaji uhandisi kulielewa. Likisema makalavati manne, hesabuni manne. Likisema mita 600 za changarawe, vuteni kamba.

Unene wa changarawe iliyoshindiliwa kwa kawaida ni milimita 150, ila fuateni uliomo kwenye mkataba. Chimbeni kitundu kidogo mbele ya msimamizi, mpime kwa rula ya mtoto wa shule, mfukie. Angalieni kama boza la maji lilikuwepo, kwa sababu changarawe kavu haishindiliki, inalala tu. Katikati ya barabara pawe juu kuliko pembeni, na mitaro iwe na mahali pa kutolea maji. Mtaro usio na mdomo ni bwawa refu.

Mkandarasi hulipwa kwa hati ya malipo baada ya kazi kupimwa, kwa hiyo kasoro isemwe kabla ya kipimo cha mwisho, kwa maandishi, kwa meneja. Mkataba ukiwa na kipindi cha matazamio, andikeni tarehe yake ya mwisho ukutani ofisi ya kijiji. Kalavati likizama ndani ya kipindi hicho, mkandarasi anarudi kwa gharama yake.

Mkinyimwa taarifa, tajeni kwa upole Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombi la maandishi linapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Mara nyingi kuitaja kunatosha. Palipo na harufu ya wizi, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wako kila wilaya.

Mvua ikivunja kila kitu

Daraja likisombwa, kalenda yote niliyoeleza inawekwa kando. Liko fungu la dharura. Siku hiyohiyo mtendaji aandike taarifa: mahali, saa, upana wa sehemu iliyokatika, vijiji vilivyotengwa, picha. Iende kwa meneja wa TARURA na kwa mkuu wa wilaya kwa pamoja. Mvua za El Niño za 2023/24 zilikata barabara nchi nzima kwa mkupuo, na penye foleni ndefu namna hiyo taarifa yenye vipimo ni rahisi kufanyiwa kazi kuliko simu ya kilio.

Barabara ikishakamilika, ombeni TARURA iweke kibao cha ukomo wa uzito mwanzoni mwa barabara, na halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo ya kuzuia malori ya magogo na mchanga mara baada ya mvua. Kizuizi ni gogo moja na zamu ya watu wawili. Mwenye lori atapiga simu kwa wakubwa, na mtu wa zamu awe na nakala ya sheria ndogo mfukoni, yenye muhuri wa halmashauri ya wilaya.